Historia ya kisu cha meno, na kwa nini mnoa visu hukikataa

Leo sina habari za programu wala za simu, kwa hivyo wale mliokuja kutafuta hayo mnivumilie kidogo. Nataka kuzungumzia kisu cha mkate. Ndiyo, kile kirefu chenye meno kilicholala kwenye droo pamoja na upawa na kifungua chupa.

Kilichonivuta ni sentensi moja inayoandikwa kwenye maboksi ya visu hivi, kwamba havihitaji kunolewa kamwe. Mtu anayeishi kwa kuandika programu akisoma sentensi kama hiyo hushika pochi yake vizuri. Nimewasikia wauzaji wakisema maneno yayo hayo kuhusu mifumo ya tarakilishi: ukishauweka umemaliza, hautaki matunzo. Sijaona hata mmoja ambao haukutaka. Basi nikaanza kufuatilia historia ya makali yenye meno, na nilichokuta ni kinyume cha maneno ya boksi. Kwa maelfu ya miaka, chombo chenye meno kilikuwa miongoni mwa vile vilivyo rahisi kabisa kurudishiwa ukali. Kutotengenezeka kwake ni jambo la juzi juzi tu.

Kwanza tuelewane meno yanafanya nini. Makali laini, kama ya kisu cha nyama, hugusa kitu kwa mstari mmoja mrefu, na ukikandamiza nguvu yako inagawanyika katika mstari wote. Makali ya meno hugusa kwa ncha chache tu, na nguvu ile ile ikikusanyika penye ncha chache inatoboa. Ndiyo maana nyanya iliyoiva hukikataa kisu cha kawaida kilichoanza kuwa butu lakini humkubali mwenzake wa meno: ngozi inateleza, ila ncha moja ikishaingia, kazi imekwisha. Kisha kuna suala la kuvuta. Mwaka 2012 kikundi cha watafiti, akiwemo L. Mahadevan wa Chuo Kikuu cha Harvard, kilichapisha katika jarida la Physical Review Letters majaribio ya kukata jeli ya aga kwa waya mwembamba. Walionyesha kwamba ukivuta kwa upande huku ukikandamiza, nguvu inayohitajika kuanzisha mpasuko hupungua sana. Yeyote aliyewahi kukata mkate analijua jambo hilo mkononi. Sasa angalia bonde lililopinda kati ya jino na jino: kwa kuwa makali yake yamelala mshazari, hata ukikandamiza moja kwa moja kuna kuvuta kidogo ndani yake.

Faida ya tatu ndiyo itakayotusumbua baadaye. Ncha za meno hugonga ubao na sahani zikawa butu, ilhali mabonde hayagusi chochote kigumu, kwa hivyo hubaki makali muda mrefu. Kisu cha meno huzeeka polepole sana na mwenyewe hatambui.

(Maumbile yalitutangulia, bila shaka. Papa mkubwa mweupe ana vijimeno juu ya jino, na Tyrannosaurus alikuwa navyo pia. Mwaka 2024 watafiti waliripoti kwamba vijimeno vya mjusi wa Komodo wa kule Indonesia vimefunikwa na tabaka lenye madini ya chuma, la rangi ya chungwa. Mjusi mwenye kisu cha chuma mdomoni! Lakini tuendelee.)

Twende Misri, kwenye bonde la Fayum, kusini magharibi ya Kairo. Katika miaka ya 1920 mwanaakiolojia Mwingereza Gertrude Caton-Thompson, akisaidiana na mwanajiolojia Elinor Gardner, alichimbua huko maghala ya nafaka. Yalikuwa mashimo ardhini, mengi yametandikwa kwa ususi wa majani makavu. Humo ndimo ulimopatikana mundu wa mti wenye umri wa zaidi ya miaka 6,000. Usifikirie mundu uliopinda kama wa siku hizi. Ni kipande cha mti kilichonyooka, chenye mfereji, na ndani ya mfereji vimepachikwa vipande vitatu vya gumegume, lile jiwe gumu linalotoa cheche, vikashikizwa kwa utomvu. Kila kipande kimechongwa meno ukingoni.

Namna ya kuchonga meno hayo ni rahisi kueleza na ngumu kufanya. Unashika kipande cha jiwe kiganjani, unaweka ncha ya pembe au mfupa ukingoni mwake, unakandamiza hadi kibanzi kidogo kiruke. Unasogea kidogo, unakandamiza tena. Kila kibanzi kikiruka kinaacha bonde, na kati ya mabonde mawili kunabaki jino. Ngano na shayiri zina silika katika mabua yake, vichembe vigumu vya aina moja na kioo, na ukikata mabua msimu baada ya msimu jiwe hupata mng'ao usiotoka. Mng'ao huo ndio unaomwambia mwanaakiolojia leo kwamba kipande fulani kilivunia nafaka na si kuchinjia mbuzi.

Mundu ule naupenda kwa sababu ambayo mwandishi wa programu ataielewa upesi. Umegawanywa katika moduli. Kipande kimoja kikivunjika shambani hutupi mundu. Unapasha utomvu moto, unang'oa kibovu, unapachika kipya, unarudi kwenye mstari wako. Ujuzi wa kutengeneza na ujuzi wa kukarabati ulikuwa ni mmoja, na malighafi ilikuwa inaokotwa.

Wamisri waliuthamini mpango huo kuliko unavyoweza kudhani. Flinders Petrie alipochimba mji wa Kahun mwaka 1889 na 1890, mji wa wakati wa nasaba ya 12, karibu miaka 3,800 iliyopita, alipata mundu mwingine wa mti, huu umepinda vizuri kama utaya wa mnyama, na meno yake bado ni gumegume. Kumbuka kwamba kufikia wakati huo Misri ilikuwa na misumeno na patasi za shaba tangu zamani. Fundi seremala alikuwa na chuma chake cha kisasa, mkulima akabaki na jiwe. Wako watakaosema mkulima alikuwa nyuma ya wakati. Mimi naona alipiga hesabu: shaba ilikuwa ghali, na jiwe likiharibika analitengeneza mwenyewe.

Chuma kilipoingia, meno hayakupotea. Mshairi Hesiod wa Ugiriki, katika Theogony, anampa Kronos mundu wenye meno amkate nao baba yake, na neno analolitumia kwa mundu huo linatokana na mzizi ule ule uliokuja kumpa papa mweupe jina lake la kisayansi, Carcharodon. Huko Uingereza, vijiji vilivyo kusini mwa Sheffield vilifua miundu ya meno kwa karne nyingi. Na hapa ndipo nilipokutana na wazo ambalo, kwa maoni yangu, ni zuri kuliko yote katika historia hii, kwa hivyo niruhusuni nilieleze taratibu.

Ungetegemea mhunzi achukue tupa akate meno kwenye ukingo, jino moja moja. Ukifanya hivyo, siku meno yatakapokwisha itabidi uyakate yote upya. Wao walifanya vingine. Mundu ukiwa bado laini, kabla ya kuutia moto na kuuzima majini, mhunzi alichukua patasi na nyundo akachora mistari midogo iliyobanana kwenye upande mmoja wa bapa, mshazari kuelekea ukingoni. Kisha akausugua upande wa pili kwenye jiwe. Pale upande uliosuguliwa unapokutana na upande wenye mistari, ukingo unatokea wenyewe ukiwa na meno, kwa sababu kila mfereji unaishia kwenye bonde. Mundu ukiwa butu, mkulima hayagusi meno. Ananoa ule upande ulio wazi tu, kwa kinoo cha kawaida, na meno mapya yanajitokeza. Umbo limehifadhiwa ndani ya mwili wa chombo, na kila ukinoa unalisoma upya. Miundu ya namna hii bado inavunia mpunga Asia, na maseremala wa Ulaya walitumia ujanja huo huo kwenye randa ya meno, ile ya kukwaruza ubao kabla ya kubandika juu yake ubao mwembamba wa urembo.

Sisi huku pwani tuna mbuzi. Wasomaji wa bara wasishangae: mbuzi wa kukunia nazi ni kigoda cha kukunjwa cha mbao mbili zilizopishana, na mbele yake umetokeza ulimi wa chuma ambao mwisho wake ni bapa, umeviringwa na kuchongwa meno. Unakaa juu yake, unashika kifuu kwa mikono miwili, unakizungusha juu ya meno, na nazi inaanguka kwenye chombo kilicho chini. Vyombo vya jamaa hii vimeenea kote Bahari ya Hindi na zaidi. Thailand wanakiita sungura! Sijui kama kuna mahali pengine ambapo chombo kimoja kimepewa majina ya wanyama wawili tofauti kwa sababu moja, kutafuna.

Kuhusu makali, mbuzi ni rahisi. Chuma chake hakikufanywa kigumu sana, kwa hivyo tupa ya pembetatu, ile ya kunolea misumeno, inakikata. Meno yakilala, fundi yeyote anapitisha tupa kila bonde mara chache, anageuza, anamaliza. Hakuna siri. Umbo la meno unaliona kwa macho, na kifaa cha kulirudisha kinauzwa duka lolote la vyuma.

Sasa tuingie kwenye mkate, ambapo mambo yanabadilika. Mwishoni mwa karne ya 19 visu vya mkate vyenye mawimbi na meno vilianza kuuzwa kwa wingi. Katika mji mdogo wa Fremont, Ohio, nchini Marekani, kampuni ya Christy ilitengeneza visu vyenye makali ya mawimbi. Kwenye maonyesho makubwa ya Chicago mwaka 1893, kampuni ya Kijerumani ya Friedrich Dick ilionyesha visu vya mkate vya meno. Baadaye Joseph E. Burns wa Syracuse, New York, akapata hataza ya kisu chenye vikundi vya mifereji iliyoinama, vingine mbele vingine nyuma, ili kikate vizuri kikisukumwa na kikivutwa pia. Nikisoma maelezo ya Burns naona ndugu wa mbali wa wale wahunzi wa miundu.

Njia iliyoenea viwandani hatimaye ni nyingine. Bapa hukatwa kwa mashine kutoka bati la chuma cha pua, hutiwa tanuri likawa gumu, hupunguzwa ugumu kidogo kwa joto la chini ili lisivunjike, kisha ukingo wake hukutanishwa na gurudumu la kusagia. Uso wa gurudumu hilo si bapa. Umechongwa kwa almasi ukawa na vilima na mabonde, picha ya kioo ya meno yanayotakiwa. Kisu kikiguswa hapo mara moja, meno yote yanatoka pamoja. Karibu kila mara husagwa upande mmoja tu, na upande wa pili huachwa bapa. Kaangalie kisu chako utaona.

Ni njia ya haraka na sina ugomvi nayo. Lakini tazama kilichohama. Kwenye Fayum umbo la jino lilikuwa mkononi mwa mkulima. Kwenye mundu wa Sheffield lilikuwa ndani ya mundu wenyewe. Hapa limo kwenye gurudumu, na gurudumu limo kiwandani. Kila kampuni ina vipimo vyake, na unaponunua kisu unapewa meno bila kupewa kilichoyazaa. Wale tunaopigania programu huria tunaijua hali hii: umepewa faili inayoendeshwa, msimbo wake umebaki kwa wenyewe.

Chuma nacho kilichangia. Mwaka 1913 Harry Brearley wa Sheffield, aliyekuwa akitafuta chuma kisicholika haraka ndani ya mitutu ya bunduki, alipata chuma chenye karibu asilimia 13 ya kromiamu ambacho kilistahimili siki bila kuchafuka. Akaona hapo hapo kwamba kingefaa visu. Mafundi waliojaribu mwanzoni hawakuweza kukitia makali sawasawa, hata Brearley akataniwa kuwa ndiye mvumbuzi wa visu visivyokata. Tatizo hilo lilitatuliwa, lakini chuma cha pua cha bei nafuu hakijawahi kushika makali laini kama feleji ya kale. Nadhani meno yalikuja kuwa kificho kizuri: chuma cha wastani kikipewa meno kinaonekana kikali.

Kichekesho ni kwamba kisu cha mkate kilipoanza kuzoeleka, mkate wenyewe ukaanza kuuzwa umekatwa. Otto Rohwedder wa Iowa alihangaika miaka mingi, mfano wake wa kwanza ukateketea kwa moto mwaka 1917, na tarehe 7 Julai 1928 mkate uliokatwa na mashine yake ukauzwa kwa mara ya kwanza mjini Chillicothe, Missouri. Mwaka 1943, wakati wa vita, serikali ya Marekani ilipiga marufuku mkate uliokatwa, kuanzia tarehe 18 Januari. Kelele za akina mama zilikuwa kubwa, na tarehe 8 Machi marufuku ikaondolewa.

Kwa hivyo kisu cha meno kilihitaji kazi nyingine, na kazi hiyo ikapatikana kwenye runinga. Mwaka 1978 Ed Valenti na Barry Becher, wafanyabiashara wa Rhode Island, walianza kutangaza seti ya visu waliyoiita Ginsu. Jina lina sauti ya Kijapani lakini walilibuni wenyewe. Tangazo lilionyesha mkono wa mtu wa karate ukipasua ubao na kisha kuiponda nyanya. Halafu kisu kikakata kopo la bati na mara baada ya hapo kikakata nyanya kwa vipande vyembamba. Watu walinunua kwa mamilioni. Na visu hivyo vilitengenezwa wapi? Fremont, Ohio, mji ule ule wa Christy.

Onyesho lile halikuwa uongo, na hilo ndilo linalonifurahisha. Bati la kopo ni jembamba, na likiumiza, linaumiza ncha za meno tu. Mabonde yanabaki mazima, na nyanya inakatika. Uongo uko kwenye hatua inayofuata, pale mtazamaji anapohitimisha kwamba kisu kilichokata kopo hakitakuwa butu milele. Kinakuwa butu. Kinachelewa tu.

Kikishachelewa vya kutosha, unampelekea mnoa visu. Anayepita mtaani kwetu ana baiskeli iliyosimamishwa kwenye stendi, anakanyaga pedali na mkanda unazungusha jiwe. Kwa kisu cha nyama au panga hana mpinzani. Nilipompa kisu cha meno alikiangalia, akapitisha kidole ubavuni, akanirudishia. Jiwe lake ni bapa, akasema, likigusa kisu hiki litanyoa meno, na mimi sitampenda. Alikuwa sahihi kabisa. Mtu huyu ameweza kila kisu kilichoundwa tangu enzi za mababu, na ameshindwa na hiki kwa sababu ya umbo la gurudumu lililo nchi nyingine.

Lakini kinanoleka. Unachohitaji ni fimbo ndogo ya mviringo iliyopakwa vumbi la almasi, au ya kauri, inayokuwa nyembamba kuelekea mwisho. Tupa ya kawaida mara nyingi itateleza juu ya chuma hiki, si kama mbuzi. Tafuta upande ule uliosagwa, na ufanye kazi upande huo peke yake. Weka fimbo ndani ya bonde la kwanza mahali ambapo unene wake unalingana na bonde, ifuate pembe iliyoachwa na kiwanda, sukuma mara nne au tano kutoka kwenye makali kurudi mgongoni. Pitisha kidole nyuma, ule upande bapa, kwa kukivuta kutoka mgongoni kuelekea nje. Ukihisi uzi mwembamba wa chuma unakwaruza, bonde hilo limeiva, hamia linalofuata. Ukimaliza yote, laza upande bapa juu ya kinoo, karibu kabisa na kulala, upitishe mara mbili tatu ili uzi ule ukatike. Basi. Kisu cha kawaida cha mkate kinanichukua muda wa kusikiliza taarifa ya habari.

Usitumie jiwe la umeme kama hujazoea. Ncha za meno ni nyembamba, zinapata moto haraka, na ukiona rangi ya samawati chuma hapo kimelainika na hakitashika ukali tena hadi ukisage kipite sehemu hiyo.

Ipo kampuni iliyoenda njia tofauti, nayo ni Spyderco ya Golden, Colorado. Mwanzilishi wake Sal Glesser alianza na vinoo kabla ya visu: mwaka 1978 alitoa kinoo cha fimbo za pembetatu ambazo kona zake huingia ndani ya mabonde. Visu vyake vya mfukoni vyenye meno vilikuja mwanzoni mwa miaka ya 1980. Yaani kifaa cha matengenezo kilitangulia bidhaa. Ningependa kuona mpangilio huo kwenye biashara nyingi zaidi, ikiwemo yangu.

Vinabaki vile visu vya bei ya chini kabisa, vyenye vijimeno vidogo mno kama mchanga, ambavyo hakuna fimbo itakayoingia. Hivyo ndivyo boksi lake husema kweli kwa njia ya ajabu: havinoleki. Nilicho nacho nilimpelekea yule yule wa baiskeli, nikamwomba afanye kile alichokuwa anakiogopa. Alicheka, akaweka mguu kwenye pedali, akanyoa vijimeno vyote hadi vikaisha, akakitia makali laini pande zote mbili. Kimekuwa kifupi kidogo kwa upana, kinamenya viazi, na kila baada ya miezi michache anakinoa tena.